Mwili Umepona, Moyo Bado



Katika ukurasa wa afya tunajifunza mara nyingi namna ya kujikinga na maradhi. Tunajifunza juu ya maji safi, choo, chandarua na chanjo. Leo somo letu ni la namna nyingine. Tutajifunza juu ya mtu ambaye maradhi yalikwisha kumpata. Ametibiwa hospitali, ameruhusiwa, na amerudi nyumbani.

Somo hili ni la wasomaji wote. Mifano yake tumeichukua Masuguru na vijiji vya jirani, upande wa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga.

Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, ndugu hufurahi. Majirani huja kumpa pole. Pengine kuku huchinjwa. Baada ya siku chache kila mtu hurudi shambani kwake, kwa sababu mahindi hayangoji. Watu husema, "Mungu mkubwa, amepona."

Ni kweli, mwili umepona au unaendelea kupona. Lakini wako watu ambao mwili wao hupona na moyo wao ukabaki mgonjwa. Hawalali. Hushtuka ovyo. Hulia bila kusema sababu. Wengine huogopa hata kupita karibu na zahanati. Mtu wa namna hii si mvivu, na hajidekezi. Ana ugonjwa unaojulikana, nao unatibika.

MANENO YA SOMO

Kabla ya kuendelea, tuelewe maneno haya.

Moyo: Katika somo hili hatusemi juu ya moyo unaopiga kifuani. Tunasema juu ya mawazo na hisia za mtu.

Kiwewe: Ni hofu kubwa inayobaki ndani ya mtu baada ya kupata jambo la kutisha. Jambo limekwisha, lakini hofu haijaondoka.

Marudio: Ni siku ambayo mganga wa hospitali amemwandikia mgonjwa arudi kutazamwa tena.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa kijijini. Mama huyu tumemtunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyompata huwapata wengi.

Mama huyu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Siku ya kwanza ikapita, na mtoto hakuzaliwa. Usiku wa pili alianza kutoka damu nyingi. Mume wake alitafuta pikipiki. Mama akawekwa katikati, mume nyuma akimshika, wakaenda mpaka barabara kubwa. Hapo walipata gari la kuwapeleka Hospitali ya Magunga, mjini Korogwe. Wauguzi walimpokea mbiombio. Alichomwa sindano, akasikia mtu anasema, "Damu, leteni damu." Halafu akalala.

Alipasuliwa. Mtoto akatoka mzima. Mama naye akaokoka. Baada ya siku kadhaa waliruhusiwa, wakarudi nyumbani.

Wiki ya kwanza watu walijaa nyumbani. Wiki ya tatu walikuwa wamebaki wenyewe. Hapo ndipo shida ilipoonekana. Kila pikipiki ikipita usiku, mama alikaa kitandani akitetemeka na jasho likimtoka. Akifumba macho aliona taa ya chumba cha upasuaji. Akisikia harufu ya dawa ya kusafishia, tumbo lilimchafuka. Mtoto alipolia alimnyonyesha, lakini alimtazama kama mtoto wa mtu mwingine.

Mama mkwe alisema, "Wanawake wengi wamepasuliwa na wanalima. Huyu amezoea kulala." Mume hakusema neno. Aliuza mbuzi 2, akampelekea mganga wa kienyeji fedha, kwa kuwa aliambiwa kuna mkono wa mtu.

Wiki ya sita ilifika. Hii ni wiki ambayo mtoto hupelekwa kupata chanjo. Mama hakumpeleka. Kadi ya mtoto ilikuwa sandukuni, na mama hakutaka hata kuiona. Wiki hiyohiyo pembeni mwa mshono palianza kuvimba na kutoa usaha. Mama alifunga kitambaa, akavaa kanga mbili, akanyamaza. Alijiambia, "Afadhali nife hapa nyumbani kuliko kurudi mahali pale."

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Tazama hatari iliyopo. Hofu ya moyo ilikuwa inataka kumwua mama ambaye hospitali ilikwisha kumwokoa. Na mtoto wake alikuwa anakosa kinga. Ndiyo maana tunasema kiwewe si jambo dogo.

Wifi yake ndiye aliyegundua. Alikuja jioni, akakaa naye wakipukuchua mahindi. Hakumkemea. Alisema, "Wifi, nakuona hulali. Usiku ule ulikuwaje kwako?"

Mama alijibu, "Nikikwambia utanicheka."

"Sitakucheka, wifi."

Mama akaeleza. Alisema alipokuwa amelala chumba cha upasuaji alijiona yuko juu darini, anautazama mwili wake chini. Aliona nyuso za watu zimerefuka. Alisikia anaitwa na marehemu bibi yake. Tangu siku ile aliamini kwamba alikufa, na kwamba aliyerudi si yeye mzima. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Mwisho akamwonyesha wifi yake kidonda.

Asubuhi walikwenda zahanati wawili pamoja. Wifi alibeba mtoto. Muuguzi alimpeleka mama kwa mganga, akatazamwa kidonda na kupewa dawa. Mtoto alipata chanjo. Kisha muuguzi aliketi akamweleza mama juu ya dawa ya usingizi, maelezo ambayo tutayasoma hapa chini. Mama alisema, "Kumbe!" Usiku ule hakulala vizuri sana, lakini alilala. Hofu haikuisha siku moja. Ilipungua kidogo kidogo.

DAWA YA USINGIZI NA HOMA KALI

Yale aliyoyaona mama yule yana sababu. Katika hospitali zetu nyingi za wilaya hutumika dawa ya usingizi iitwayo ketamini. Ni dawa yenye faida kubwa. Humwondolea mgonjwa maumivu, na kwa kawaida haimzuii kupumua mwenyewe. Kwa hiyo inafaa hata mahali pasipo na mashine nyingi. Lakini mgonjwa anapoamka, dawa hii inaweza kumletea ndoto za ajabu. Wengine hujiona wanaelea hewani. Wengine huona mwili wao uko mbali nao. Wengine huamka wakipiga kelele. Ndoto hizo hutokana na dawa, na dawa ikiisha mwilini nazo huisha. Kinachobaki ni kumbukumbu yake.

Homa kali nayo hufanya hivyo. Malaria ikipanda kichwani, ubongo huchanganyikiwa. Hali huwa hivyo pia sukari ikipungua mno katika damu, au hewa ikiwa haitoshi mwilini. Mgonjwa anaweza kuona wadudu ukutani, au kudhani muuguzi anataka kumwua. Anaweza kumpiga mtu anayemwuguza. Akipona, husahau mengi, lakini baadhi ya picha za kutisha hubaki. Naye huona haya kuzisema, asije akaitwa mwenda wazimu au mtu mwenye pepo.

Mgonjwa akielezwa sababu, mzigo hupungua. Kwa hiyo, ukiwa umemwuguza mtu, mweleze taratibu mambo yaliyotokea, kama anataka kujua. Mwambie: "Siku ya Jumatatu ulikuwa na homa kali. Hukututambua. Siku ya Jumatano ulianza kunywa uji." Maneno machache kama haya humsaidia kutenganisha ndoto na mambo yaliyotokea kweli.

KWA NINI HOFU HUBAKI?

Mwili wa binadamu umeumbwa kujilinda. Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, na mtu huruka kando kabla hajafikiri. Kesho yake akiona kamba mahali pale, ataruka tena. Mwili wake unakumbuka.

Maradhi makubwa ni kama nyoka yule. Mtu aliyekaribia kufa, aliyekatwa mguu, aliyepoteza mtoto wakati wa kuzaa, au aliyeambiwa ana saratani, mwili wake umejifunza hofu. Harufu ya dawa, koti jeupe, mlio wa gari la wagonjwa au maumivu madogo tu huiamsha hofu ile. Mtu hajitakii. Hawezi kuambiwa "acha" akaacha.

Mambo mengine huongeza mzigo:

1. Kukosa maelezo. Mgonjwa alipasuliwa, lakini hajui alitolewa nini.

2. Mabadiliko ya mwili. Kuna kovu, mguu uliokatwa, titi lililoondolewa, au kizazi kilichotolewa. Mtu hujiuliza kama bado ni mtu kamili mbele ya mwenzake.

3. Madeni. Mbuzi wameuzwa, shamba limekodishwa. Mgonjwa hujiona yeye ndiye aliyeitia nyumba umaskini.

4. Maneno ya watu. Wako wanaosema amerogwa. Wako wanaosema ni adhabu.

5. Upweke. Mgonjwa wa saratani kutoka Handeni anaweza kupelekwa mpaka Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huko hukaa wiki nyingi akichomwa kwa mionzi, mbali na watoto wake. Akirudi, nyumbani hakuna anayejua aliyopitia.

DALILI ZA KUTAZAMA

Katika siku na wiki za kwanza baada ya ugonjwa mkubwa, watu wengi huwa na hofu, machozi na ndoto mbaya. Hiyo ni kawaida, na kwa wengi hupungua polepole bila dawa. Lakini dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, au zikimzuia mtu asifanye kazi zake, mpeleke akatazamwe:

- Halali, au huota ndoto mbaya ileile kila mara.
- Mambo ya hospitali humrudia mchana kama yanatokea sasa.
- Hukwepa watu, mahali au mazungumzo yanayomkumbusha ugonjwa.
- Hushtuka kwa sauti ndogo. Hukasirika haraka.
- Hana furaha kwa jambo lolote. Hajali mtoto, shamba wala chakula.
- Haendi marudio, au ameacha dawa.
- Ameanza kunywa pombe sana ili apate usingizi.

Jambo moja muhimu: usiseme haraka kwamba kila udhaifu unatoka moyoni. Mtu aliyetoka hospitali anaweza kuwa amepungukiwa damu, au ana homa, au kidonda kimeoza ndani. Kwa hiyo kwanza mwili utazamwe. Akiwa na homa, usaha, damu inayotoka, au anapumua kwa shida, apelekwe siku hiyohiyo.

MGONJWA AFANYE NINI?

Ndugu uliyeugua, haya yanaweza kukusaidia.

Kwanza, tumia kalamu yako. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Sasa elimu hiyo ikufae. Kabla ya siku ya marudio, andika katika daftari maswali haya manne:
(a) Nilikuwa na ugonjwa gani?
(b) Nilifanyiwa nini?
(c) Ni tiba gani imebaki?
(d) Nikiona dalili gani nirudi haraka?
Mpe mganga daftari, au msomee. Si utovu wa adabu kuuliza. Ni haki yako kuujua mwili wako. Usipoelewa, sema, "Daktari, nieleze tena kwa lugha nyepesi." Andika majibu. Usiku hofu ikija, soma majibu yale.

Pili, nenda na mtu. Kama unaogopa hospitali, usiende peke yako. Chagua mtu mpole. Kama hofu ni kubwa sana, anzeni kidogo. Siku moja mpite tu mbele ya zahanati. Siku nyingine mkae nje kwenye benchi. Siku ya tatu mwingie ndani. Hofu inayokimbiwa hukua. Hofu inayokaribiwa polepole hupungua. Lakini kama una dawa au kidonda, usingoje hofu iishe. Nenda, hata kama unatetemeka.

Tatu, pumua taratibu. Moyo ukianza kwenda mbio, kaa chini. Weka nyayo zako juu ya ardhi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4. Itoe polepole kwa mdomo ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo mara kumi. Kisha tazama vitu vitano vilivyo mbele yako, uvitaje: jembe, mwembe, kuku, ndoo, mlango. Hivyo unaukumbusha mwili kwamba uko nyumbani, hauko tena katika usiku ule.

Nne, rudia kazi kidogo kidogo, kama mganga alivyokuruhusu. Leo chambua mboga. Kesho fagia uwanja. Usijilinganishe na mtu asiyeugua.

Tano, sali kama ni desturi yako, kaa na wenzako, cheza na watoto. Usitafute usingizi katika pombe wala gongo. Pombe hulaza mwanzo wa usiku na kuamsha hofu alfajiri. Usinywe dawa za usingizi za kununua ovyo dukani.

NDUGU WAFANYE NINI?

Ndugu wa mgonjwa wana kazi kubwa. Nayo haihitaji fedha nyingi.

Sikilizeni. Yule wifi katika mfano wetu hakuwa na dawa. Alikuwa na mahindi ya kupukuchua na swali moja. Mikono ikiwa kazini, mdomo hufunguka kwa urahisi. Muulize mgonjwa, kisha nyamaza umsikilize. Usimkatize kwa kusema, "Mimi nilipata makubwa zaidi." Usiseme, "Sahau hayo."

Lakini msimlazimishe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 juu ya kuwasaidia watu waliopatwa na mambo ya kutisha. Mwongozo ule unafundisha mambo matatu: kutazama, kusikiliza, na kumuunganisha mtu na msaada. Haufundishi kumbana mtu aeleze yote. Asiyetaka kusema leo, aachwe. Ajue tu kwamba mlango uko wazi.

Ombeni ruhusa ya utani. Sisi tuna desturi ya utani, nayo huleta kicheko hata msibani. Wako wagonjwa ambao mtani akiwachekesha hupata nguvu. Lakini kovu au mguu uliokatwa si jambo la kutaniwa mpaka mwenyewe aanze kulicheka.

Waume na wake waongee. Mume asiyesema neno anaweza kuwa anaogopa kama mkewe. Yeye ndiye aliyemshika kwenye pikipiki. Anayeuguza naye hupata kiwewe. Basi mume aseme, "Nami niliogopa." Neno hilo si aibu kwa mwanamume. Wazungumze pia juu ya deni. Deni likihesabiwa kwenye karatasi na kupangiwa mwezi wa kulipa, hupungua ukubwa wake kichwani.

WATOTO WALIOTOKA HOSPITALI

Watoto nao hupata kiwewe, lakini hawajui kukieleza. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa anacheza mbali hung'ang'ania nguo ya mama yake. Wengine humchoma mwanasesere sindano ya kijiti siku nzima. Usimpige. Usimkataze mchezo huo. Kwa mchezo huo mtoto anaeleza yaliyompata.

Tuache pia tabia moja mbaya. Mtoto akilia tunamwambia, "Nyamaza, nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano!" Maneno haya humfanya mtoto aone hospitali ni mahali pa adhabu. Akiugua kweli atapigana na anayetaka kumponya. Tumwambie kweli: "Sindano itauma kidogo, halafu itaisha. Mimi nitakushika mkono."

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Mtu anaweza kusema, "Madaktari wa akili ni wachache. Kijijini tutafanya nini?" Tutazame mfano wa nchi ya Zimbabwe.

Huko yuko daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda. Mgonjwa wake mmoja alijiua. Alikuwa amekosa nauli ya kwenda hospitali. Daktari huyu alifikiri sana. Akaona ni lazima msaada uwafuate watu. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza kufanya kazi na bibi 14. Bibi hawa walikuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Walifundishwa namna ya kusikiliza. Waliwekewa mabenchi nje ya zahanati, chini ya miti. Mtu mwenye mawazo mengi huketi na bibi kwenye benchi. Anataja shida zake. Anachagua moja. Pamoja wanatafuta hatua moja ndogo ya kufanya. Wiki nyingine anarudi kueleza ilivyokwenda.

Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu 573. Baada ya miezi 6, katika waliopata huduma ya kawaida, karibu watu 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa. Katika waliokaa na bibi kwenye benchi, walikuwa karibu 14 tu katika kila 100. Hayo yalitokana na benchi, bibi na masikio yake.

Nasi Tanzania tunajua nguvu ya kukaa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Kikundi kilichoweza kuchimba choo kinaweza pia kumtembelea jirani aliyetoka hospitali.

Tena, watu wa Korogwe wana jambo la kujivunia. Juu katika milima ya Usambara, wilayani humo, iko Hospitali ya Lutindi. Mahali hapo palianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye palianza kupokea wagonjwa wa akili. Ni miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo Afrika Mashariki. Wagonjwa hupewa dawa, na pia hufanya kazi za mikono na za shamba, kwa kuwa kazi ya kiasi ni sehemu ya tiba. Kwa hiyo, kutafuta tiba ya moyo na akili si jambo geni kwetu.

Mwenye kiwewe kwa kawaida hahitaji kulazwa. Aanze zahanati au kituo cha afya. Ikihitajika, atapelekwa hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Mkoa ya Bombo, Tanga. Huko anaweza kupewa ushauri au dawa. Dawa hizo nyingi huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo asiziache siku ya tatu.

HATARI: USINGOJE

Mtu akisema, "Bora ningekufa," usimdharau, wala usimkemee. Muulize wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Akikubali, fanyeni haya mara moja:

1. Asiachwe peke yake, usiku wala mchana.
2. Ondoeni karibu naye dawa za kuulia wadudu wa mazao, dawa za mifugo, kamba na visu. Dawa za hospitali azishike mtu mwingine.
3. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo.
4. Msimfunge kamba, wala msimtangaze kijijini.

Fanyeni vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua anayesema maneno yasiyoeleweka, asiyelala kabisa, au anayesema atamdhuru mtoto. Huo ni ugonjwa mkali, na unatibika.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mfano wetu, mama aliogopa kurudi hospitali. Je, ni mambo gani mawili yaliyokuwa hatarini?
2. Mama mkwe alisema nini? Kama ungekuwa wewe, ungesemaje?
3. Kwa nini mgonjwa anaweza kuona mambo ya ajabu wakati wa homa kali au baada ya dawa ya usingizi?
4. Taja dalili tatu za kiwewe. Taja jambo moja ambalo halifai kungojewa hata siku moja.
5. Je, katika kitongoji chenu yuko mtu aliyetoka hospitali mwezi huu? Nani atakwenda kukaa naye, na siku gani?

Swali la tano lisijibiwe kwa mdomo tu. Mwenyekiti wa kikundi aandike jina la atakayekwenda na siku yenyewe. Wiki ijayo, kabla ya kuanza somo jingine, mjumbe huyo aeleze kama alikwenda. Siri za mgonjwa asizieleze.